Shajara ya Mark 4: mtutu mpya kwenye Lee-Enfield ya 1943

Jumamosi, 11 Januari

Leo nimeifungua bunduki hadi chuma kitupu, na uamuzi umeshapatikana: mtutu huu unatoka.

Ni Lee-Enfield Namba 4 Mark I*, iliyotengenezwa mwaka 1943 Long Branch, magharibi ya Toronto. Kwetu wengi wanaijua kwa jina la Mark 4, au kwa ukubwa wa risasi yake tu, “siri noti siri”, yaani .303. Niliinunua vuli iliyopita hapa Alberta, Kanada, kwa muuzaji wa silaha za jeshi zilizostaafu. Aliniambia mtutu wake mzuri. Nilichungulia nikaona ng'aro, nikalipa. Ng'aro ile ilikuwa mafuta.

Oktoba niliipeleka uwanjani nikapiga risasi kumi kwa yadi 50. Matundu saba yalikuwa ya mviringo. Matatu yalikuwa marefu kama tundu la funguo, maana yake risasi zilifika kwenye karatasi kwa ubavu, zikipinduka hewani. Mtutu ambao haushiki risasi hauwezi kuizungusha, na risasi isiyozunguka haina mwelekeo.

Leo nimejua sababu. Nilichukua risasi ya mfano, isiyo na baruti wala fataki (kile kidude cha kuwashia baruti chini ya ganda), nikaiingiza kichwa mbele kwenye mdomo wa mtutu. Kwenye mtutu mzima inatakiwa ikwame na sehemu ya risasi ibaki nje. Hii ilizama yote mpaka ganda likagonga chuma. Nikaizungusha kwa vidole, ikacheza. Mdomo umepanuka kama mdomo wa mtungi.

Halafu ndani. Mtutu huu una mifereji miwili tu badala ya mitano, ile inayopinda ndani ya mtutu na kuizungusha risasi, kwa sababu wakati wa vita viwanda vya Long Branch na Savage cha Marekani vilipunguza mifereji ili kuharakisha kazi, na mitutu ile ilipiga vizuri bila shida. Lakini huu umeliwa. Karibu na chemba, pale risasi inapokaa, matuta kati ya mifereji yamesagika hadi hayaonekani, na kuanzia hapo kwenda mbele kuna vishimo vya kutu kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui.

Kilichoula mtutu ni vitu vitatu. Kwanza kodaiti, baruti ya zamani ya Waingereza, ambayo huwaka kwa joto kali na kula koo la mtutu. Pili fataki za zamani, ambazo zikishawaka huacha chumvi inayovuta unyevu hewani. Usiposafisha kwa maji siku hiyohiyo, kesho una kutu. Tatu ni kamba ya kusafishia. Askari huitumbukiza kamba yenye uzito upande mmoja, anaivuta na kitambaa kupitia mdomo, na akivuta kwa pembe kila siku, kamba yenye mchanga hukata chuma kama msumeno mwororo.

Hili la tatu linanigusa. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akaenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Alipita bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944. Nilipokuwa mdogo Songea, alinionyesha kwa bua la mahindi jinsi walivyomimina maji ya moto kwenye mtutu kisha wakavuta kamba. Alikuwa analivuta bua lile polepole, mkono umenyooka kabisa, na alinigomba nilipovuta upande. “Nyoosha! Unakata mdomo.” Nilidhani anasema mdomo wangu.

Jumapili, 12 Januari

Nimempigia mjomba Songea kumweleza. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za ng'ombe, akauliza swali moja tu: “Na huo mtutu wa zamani utaufanyaje, mwanangu? Utautupa?” Nikamwambia hapana, nitautunza. Akaridhika.

Niandike na hili kwa msomaji aliye nyumbani: hapa nina leseni, nimepita kozi ya usalama wa silaha, na kubadilisha mtutu wa bunduki ya komeo (kile chuma kinachovutwa na kusukumwa kwa mkono ili kupakia risasi na kufunga nyuma ya mtutu) ya aina hii ni jambo la kawaida kwa wapenzi wa silaha za zamani. Tanzania mambo ya silaha yanasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kazi kama hii si ya kufanyia uani. Mwenye bunduki ya urithi huko amwone fundi aliyeidhinishwa.

Jumamosi, 18 Januari

Mtutu mpya umefika. Mpya kwa maana ya kwamba haujawahi kufungwa popote. Ni wa stoo ya jeshi, wa mifereji mitano inayopinda kushoto, mzunguko mmoja kwa kila inchi 10, urefu inchi 25.2. Ulikuwa umefungwa kwa karatasi ya nta na kupakwa grisi nzito ya rangi ya asali iliyoungua. Nimeshinda saa mbili nikiitoa grisi ile kwa mafuta ya taa na mswaki wa chupa. Ilipotoka, ndani kukawa kama kioo. Nilielekeza mtutu dirishani, kwenye theluji, nikaona pete za mwanga zinazopishana mpaka mwisho. Nilikaa nao hivyo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Jaribio la risasi ya mfano: imekwama vizuri, ganda liko mbali na mdomo.

Jumamosi, 25 Januari

Siku ya kutoa mtutu wa zamani. Haukutoka.

Nieleze kazi ilivyo. Mtutu wa Lee-Enfield umefungwa kwenye risiva, ile sehemu ya chuma inayobeba komeo, kwa thredi, mikato kama ya skrubu, 14 kwa inchi. Ulikazwa kiwandani kwa nguvu nyingi na umekaa hivyo miaka 80 na zaidi. Ili kuufungua, mtutu unabanwa kwenye jiliwa maalumu lenye vipande viwili vya mti mgumu vilivyochongwa kufuata unene wake, na spana kubwa inashika risiva. Spana lazima ikae kwenye pete ya mbele ya risiva, pale pale thredi zilipo. Ukishika nyuma, penye njia ya komeo, utaipinda risiva nzima kama unavyokamua nguo, na hapo bunduki imekufa.

Nilimwita rafiki yangu wa Bukavu, ambaye kazi yake ni kukata thredi za mabomba ya visima vya mafuta huko Nisku. Amezoea mabomba yanayokazwa kwa nguvu ya kutisha, na mikono yake inajua chuma. Tukanyunyiza unga wa ulimbo wa msonobari kwenye vipande vya mti ili visiteleze, tukabana, tukavuta. Mtutu ukateleza ndani ya mti. Tukabana zaidi. Ukateleza tena, na mti ukaanza kunuka moshi.

Akapendekeza tukate mfereji kwa msumeno wa chuma mbele kidogo tu ya risiva, ili bega la mtutu, ule ukingo unaokaza kwenye uso wa risiva, lilegee. Njia hiyo inafanya kazi, mafundi wengi huitumia kwa mtutu uliokwisha kufa. Nimekataa. Mtutu huo una namba na mihuri ya ukaguzi ya 1943, na nilikwisha kumpa mjomba neno langu.

Moto pia tumeukataa wote wawili. Risiva imepikwa kiwandani ili iwe na ugumu wake, na anayeipasha moto anacheza na usalama wa uso wake mwenyewe.

Tumepaka mafuta ya kupenya kutu kwenye kiungo, tumeiacha imesimama mdomo chini ili mafuta yashuke kwenye thredi. “Iyi kazi haiko na haraka, yaya,” akasema, akavaa koti lake.

Jumamosi, 1 Februari

Wiki nzima kila jioni nimeongeza mafuta na kugonga kiungo kwa nyundo ya shaba, mapigo mepesi, mzunguko mzima. Nimechonga vipande vipya vya mti, safari hii vikiwa na kina sahihi zaidi, vikigusa mtutu pande zote badala ya mistari miwili. Nadhani hapo ndipo kosa la wiki iliyopita lilipokuwa.

Kabla ya kuvuta nilichora mstari mwembamba kwa sindano ya chuma, kutoka kwenye mtutu hadi risiva, ili ukisogea hata unywele tujue.

Mpini wa spana ulikuwa bomba la mita moja na nusu. Rafiki akashika ncha, mimi nikaangalia mstari. Akaongeza uzito bila kutikisa. Kukatoka mlio mmoja, mkavu, kama tawi la mwarobaini linapokatika wakati wa kiangazi. Tulidhani kitu kimepasuka. Tukasimama, tukawasha tochi. Mistari miwili ilikuwa imeachana kwa unene wa shilingi. Baada ya hapo mtutu ukatoka kwa mkono.

Thredi za ndani ya risiva ziko safi kabisa, na bado zina grisi ya kiwandani, imekauka na kuwa ya kahawia. Hakuna aliyepafungua pale tangu 1943.

Jumamosi, 8 Februari

Leo ni siku ya hesabu, na ndiyo siku niliyoifurahia kuliko zote.

Mtutu wa Mark 4 una uso bapa juu, karibu na risiva. Uso huo lazima ukae sawasawa na mgongo wa risiva, la sivyo shabaha ya mbele, kile kijiti cha kulengea, italala upande na mkato wa ndoano ya kutolea ganda hautakuwa mahali pake. Kwa hiyo mtutu haukazwi tu mpaka ugume, bali unatakiwa ugume ukiwa umefika mahali maalumu. Ukiufunga kwa mkono, unatakiwa usimame takribani digrii 15 kabla ya mahali pake, kisha spana imalizie zile digrii 15. Hizo ndizo zinazoupa mkazo.

Kwanza baridi. Gereji ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri usiku. Nilipoingiza risiva ndani ya nyumba chuma kilitoa jasho, matone madogo kila mahali, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji huko Dar. Nikafuta, nikapaka mafuta, nikaacha risiva, mtutu na geji za kupimia zilale meza moja usiku kucha. Ukipima elfu za inchi, yaani inchi moja iliyogawanywa vipande elfu, huwezi kuwa na kipande kimoja cha baridi na kingine cha joto.

Nikafunga kwa mkono. Mtutu ukasimama digrii 40 kabla ya mahali pake. Ni mbali mno, kwa sababu kuulazimisha digrii 40 ni kuzivuta thredi kupita kiasi. Inabidi bega lipunguzwe.

Kwa thredi 14 kwa inchi, mzunguko mzima unasogeza mtutu elfu 71 za inchi na ushee. Gawa kwa 360: kila digrii ni sehemu mbili za kumi za elfu moja ya inchi. Nataka mkono ufike digrii 25 zaidi. Ishirini na tano mara sehemu mbili za kumi ni tano. Elfu tano za inchi zitolewe kwenye bega. Kuna karatasi za ofisi zilizo nene hivyo.

Rafiki alikereza kwenye mashine ya kazini kwao baada ya zamu, kwa ruhusa ya msimamizi wake. Alitoa elfu mbili, tukajaribu. Akatoa mbili tena, tukajaribu. Ya mwisho aliitoa kidogo kidogo, akisimamisha mashine na kuniita nifunge kwa mkono kila mara. Mimi ningetoa zote tano kwa mkupuo mmoja kwa kuwa hesabu ilikuwa sahihi. Yeye haamini hesabu mpaka chuma chenyewe kikubali. Mwishoni mtutu ulisimama digrii 15 kasoro kidogo, na bega lilikuwa na duara safi la mguso pande zote.

Jumapili, 9 Februari

Tumeukaza. Grisi kidogo kwenye thredi, spana, mvuto mmoja wa taratibu. Rula ya chuma juu ya uso bapa wa mtutu, nyingine juu ya risiva, nikachutama nyuma nikaziangalia kwa jicho moja. Zimelingana. Nikageuza rula, nikaangalia tena. Zimelingana.

Jumamosi, 15 Februari

Nafasi ya ganda. Hili ndilo jambo linalotenganisha bunduki na bomu, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu.

Risasi ya .303 ina ukingo chini ya ganda, na ukingo huo ndio unaolisimamisha ganda kwenye uso wa nyuma wa mtutu. Kati ya uso huo na uso wa komeo pana nafasi ya kuukalisha ukingo. Ikiwa ndogo mno, komeo halifungi. Ikiwa kubwa mno, ganda linarudi nyuma kwa kishindo linapolipuka, linanyooka, na linaweza kukatika likamwaga gesi ya moto karibu na macho yako. Kipimo cha jeshi: komeo lifunge kwenye geji ya elfu 64 za inchi, na likatae geji ya elfu 74.

Uzuri wa Mark 4, na kitu ambacho sijakiona kwenye Mauser ya Wajerumani, ni kwamba kichwa cha komeo kinatoka kwa kuzungushwa kama skrubu na kilitengenezwa kwa saizi nne, namba 0 hadi 3, kila moja ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Fundi wa kikosi alirekebisha nafasi ya ganda akiwa amekaa chini ya mti, bila mashine yoyote.

Bunduki yangu ilikuja na kichwa namba 3, kile kirefu kuliko vyote. Hilo peke yake lilinieleza jinsi ilivyotumika sana. Nikatoa ndoano na pini ya kupigia ili mkono uhisi geji tu, nikaweka geji ya 64, nikasukuma komeo kwa vidole viwili. Likakataa kufunga. Na ilistahili likatae: tumeupeleka mtutu nyuma kwa elfu tano, kwa hiyo nafasi imepungua kwa elfu tano.

Nikajaribu namba 2. Mpini ulishuka nusu, ukasita. Ningeweza kuusukuma, lakini geji ni ya kusikilizwa, hailazimishwi. Namba 1 ulishuka mpaka chini kwa uzito wake wenyewe. Nikaweka geji ya 74: mpini ukasimama juu, kabisa. Nikarudia mara tano, nikafuta geji na uso wa komeo kila mara, kwa sababu uchafu kidogo tu unakupa jibu la uongo. Majibu yaleyale.

Nikaangalia pia kama kichwa hakizunguki kupita kiasi kwenye komeo, na kama vishikizo viwili vya komeo vinagusa risiva kwa usawa. Nilivipaka masizi ya mshumaa, nikafunga na kufungua. Masizi yamefutika pande zote mbili. Namba 1 ndiyo inayobaki.

Jumamosi, 1 Machi

Risasi ya kwanza. Sikuishika mimi.

Tuliifunga bunduki kwenye tairi kuukuu uwanjani, mdomo kwenye kilima cha udongo, kamba ya mita kumi kwenye kifyatuo, na sisi nyuma ya ukuta wa magogo. Risasi mpya ya kiraia, yenye kichwa cha uzito wa greni 174. Nikavuta. Sauti ileile nzito ya .303, theluji ikaruka mbele ya mdomo.

Ganda nilililaza kiganjani likiwa bado na joto. Fataki imebaki bapa na duara, haikutoka nje. Shingo iko sawa. Nikapitisha ukucha juu ya ukingo nikitafuta mstari unaong'aa, dalili ya ganda linaloanza kukatika, sikuuona. Nikapitisha ncha ya waya uliopindwa kwa ndani kutafuta mfereji, sikuuhisi. Tukarudia mara mbili. Ya nne niliipiga begani.

Jumamosi, 15 Machi

Nilitegemea leo niandike habari njema. Bunduki imefungwa upya mbao zake zote, yadi 100, mezani, mifuko ya mchanga. Risasi tano za kwanza: zimetawanyika inchi sita, zimepangana wima kama vifungo vya shati. Tano za pili: inchi saba, zimehamia kulia.

Matundu yote ni ya mviringo. Mtutu unazungusha risasi inavyotakiwa. Lakini bunduki inapiga kama haijui ilikopiga mwanzo.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Miezi miwili nimeulaumu mtutu peke yake. Usiku nikaitoa mbao ya mbele tena, na safari hii niliiangalia mbao yenyewe.

Kosa liko hapo. Nyuma ya mbao ya mbele, pale inapokumbatia risiva, kuna mabega mawili ya mti. Bunduki inaporudi nyuma kwa kishindo, chuma kinasukuma mabega hayo. Yangu yamelowa mafuta ya miaka themanini, yamelainika na kusinyaa. Nilipaka masizi ya mshumaa kwenye chuma, nikafunga, nikafungua: bega la kushoto lina doa dogo kama punje ya mchele, la kulia halina hata alama. Kila risasi ikitoka, chuma kilikuwa kinakaa mahali papya.

Na mbele je? Mark 4 inataka mbao iubane mtutu juu kidogo karibu na mdomo, kwa nguvu ya pauni 2 hadi 7. Nilifunga mzani wa samaki kwenye mdomo nikainua. Mtutu ulinyanyuka kabla mshale haujasogea. Hakuna mbano wowote.

Nimeandika wiki nyingi kuhusu elfu moja ya inchi kwenye chuma, na huku kwenye mti palikuwa na nafasi ya kupitisha kadi ya benki. Ndivyo Lee-Enfield ilivyo: nusu ya shabaha yake inakaa kwenye mti, na fundi anayejua chuma tu atahangaika nayo mpaka aiuze.

Jumamosi, 29 Machi

Kazi ya seremala. Mafuta niliyatoa kwanza kwa kupaka chokaa laini iliyokorogwa na asetoni, inakauka, unaipangusa ikiwa imegeuka kahawia, unapaka tena. Mara nne. Kisha kwa patasi ya milimita sita nikachonga mabega yaliyooza mpaka nikafikia mti mweupe, mgumu. Nikatengeneza vipande viwili vya mti mgumu, nyuzi zake zikitazama mbele na nyuma ili zipokee msukumo kwa ncha wala si kwa ubavu, nikavigundisha.

Halafu masizi, tupa, masizi, tupa. Kila mzunguko unafunga mbao, unakaza skrubu, unafungua, unaangalia doa jeusi, unaondoa pale tu palipoguswa. Nimehesabu mizunguko 31. Sasa madoa mawili yanalingana, yamejaa, na mbao inahitaji kofi la kiganja ili iingie. Kuitoa ni kuivuta moja kwa moja chini. Anayeivuta kwa kuipinda anavunja alichokijenga.

Mbele nimeongeza kipande chembamba chini ya mtutu. Mzani unasoma pauni nne na nusu.

Jumamosi, 12 Aprili

Yadi 100. Risasi tano: inchi mbili na robo. Nikaacha mtutu upoe, nikanywa chai ya chupa. Tano tena: inchi mbili kamili, na zimeangukia palepale zilipoangukia za kwanza. Rafiki alitembea hadi kwenye karatasi, akaweka kiganja juu ya matundu kumi, akayafunika yote. Hakusema kitu, akanipungia mkono nije nione.

Zinapiga juu. Shabaha ya nyuma ikiwa kwenye alama ya yadi 200, kwa yadi 100 zinatakiwa zipande inchi mbili na kitu. Zangu zinapanda inchi sita. Mabamba ya shabaha ya mbele ya Mark 4 yanapanda kwa elfu 15 za inchi kila saizi, na kila saizi inasogeza risasi karibu inchi mbili kwa umbali huu. Ninahitaji bamba refu zaidi kwa saizi mbili, kwa sababu ukiinua shabaha ya mbele risasi zinashuka.

Jumapili, 27 Aprili

Bamba jipya limekaa. Risasi zimeshuka mahali pake.

Nimempigia mjomba video. Nilimwonyesha karatasi, kisha bunduki, kisha nikamwonyesha jinsi ninavyosafisha sasa: fimbo ya shaba kutoka nyuma, kupitia njia ya komeo, mdomo hauguswi na kitu. Akasema babu angeuliza mbona sivuti kamba. Nikamwambia kamba nimeiweka, na nikainua ile ya zamani iliyokuja ndani ya kitako, na uzito wake wa shaba umechakaa upande mmoja. Akaomba niisogeze karibu na kamera. Aliitazama kwa muda, kisha akamwita mkewe aje aione.

Mtutu wa zamani nimeupaka grisi ileile niliyoitoa kwenye mpya, nikaufunga kwa karatasi ile ile ya nta. Nimeandika kwa penseli: “Long Branch 1943, mifereji miwili, umetolewa 1 Februari 2025, haukukatwa.” Uko juu ya kabati, umelazwa, ncha zote mbili zimezibwa kwa kitambaa.